Ndoa ya Kuwaonyesha Wageni

Novemba 17

Leo tumeingia kwenye mpunga. Kama kila mwaka, mimi ndiye niliyekata suke la kwanza, kwa kuwa ndimi mwenyekiti wa wanawake wa Farokunda, na kama kila mwaka mtani wangu Wonto alisema nimelikata vibaya. "Mwangalieni Tida anavyoshika kisu," akawaambia wenzake, "utadhani anaogopa kuuamsha mpunga." Nikamwambia watu wa ukoo wake wanaijua njia moja tu ya mpunga, ya kwenda mdomoni. Tukacheka, kisha tukainama.

Jainaba alikata mstari mmoja nami. Ni binti wa mdogo wangu Ansumana, lakini tangu mama yake afariki ni wangu. Barua ya chuo cha wakunga imefika wiki iliyopita, anatakiwa kuripoti mapema Januari. Nimemwambia avune hadi siku ya kuondoka, maana chuoni hakuna atakayemfundisha kuinama. Akanijibu kwamba kazi yote ya mkunga ni kuinama. Mdomo huo ameurithi kwangu.

Novemba 19

Ndege ni wengi kuliko mpunga. Sauti imenikauka kwa kuwafukuza.

Novemba 22

Kikao cha kamati ya wageni. Wale wenzetu wa Denmark wanarudi, sasa ni mwaka wa tatu. Mwaka juzi walitufundisha ngoma yao ya kushikana viuno, mwaka jana tuliwachezesha yetu hadi mmoja akateguka mguu. Safari hii Bodil, kiongozi wao, ameandika kwamba wangependa kuona jinsi tunavyooana.

Shida ni kwamba hapa hakuna anayeoa mpunga ukiwa bado umesimama. Mzee Yankuba Dibba, mwenyekiti wa kamati, akasema, "Basi tutaigiza." Bwana harusi atakuwa Dembo, mtoto wa marehemu kaka yake, yule kijana wa mashine ya kukoboa. Bibi harusi akamtaja Jainaba, eti kwa kuwa anajua Kiingereza na haoni haya mbele za watu.

Nilisita kidogo. Yankuba ametuma kola, zile kokwa chungu za posa, kumtaka Jainaba aolewe kwao mara mbili, na mara mbili tumezirudisha. Lakini mchezo ni mchezo. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Nilifikiri, bora Jainaba kuliko binti wa Wonto, ambaye angecheka hadi mahari yasahaulike.

Novemba 28

Wamefika, wekundu kwa jua. Bodil amekumbuka jina la kila mtoto wangu, na mimi nimekumbuka kwamba pilipili inamliza. Kuna mzee mgeni safari hii, Aksel, mrefu kama mlingoti, ana fidla.

Novemba 30

Wageni wameingia nasi mpungani. Bodil anakata vizuri, suke moja moja, haharakishi. Aksel naye akataka kukata. Wanawake wakashika vinywa, maana kwetu mwanamume hakati mpunga huu. Wonto akamfunga kitenge kiunoni, akatangaza, "Haya, sasa ni mwanamke, mpeni kisu!" Mzee wa watu alifanya kazi na kitenge chake mpaka adhuhuri bila kununa. Nimempenda.

Desemba 2

Ndoa ya kuwaonyesha wageni imefanyika leo alasiri, na ilipendeza mno.

Kwa kawaida ndoa hufungwa msikitini, wanaume peke yao. Leo tuliifanya kwenye bantaba, uwanja wetu wa mikutano, ili akina Bodil waone. Imamu Touray hakuwepo, amevuka mto kwenda kuzika. Yankuba alikaa upande wa bwana harusi. Upande wa bibi harusi alikaa Ansumana, maana nani mwingine angekaa mahali pa baba yake Jainaba? Kola zilikuwa kola kweli, tena nyeupe, zile za bei. Yankuba akamwombea Dembo mke kwa sauti ya kutetemesha. Ansumana akajibu kwamba amempa. Mahari yakatajwa, ng'ombe mwekundu. Dembo akaulizwa kama amekubali, akasema amekubali, jasho linamtiririka kwenye suti ya kuazima. Fatiha ikasomwa. Mimi mwenyewe nilimfunika Jainaba shuka, na nikalia kidogo, sijui kwa nini. Kola zikagawiwa, wageni wakatafuna na kukunja nyuso.

Kisha Wadenmark wakasema na wao wanaleta ya kwao. Kumbe kwao bwana harusi hubebwa juujuu na wanaume, akavuliwa viatu, na ncha za soksi zake zikakatwa kwa mkasi! Eti mwanamume mwenye soksi zilizotoboka hataenda kwa wanawake wengine, na mkewe ataonyesha kama anajua kushona. Wakamnyanyua Dembo. Maskini anapiga mateke hewani, "Jamani soksi zangu! Jamani ni mpya!" Aksel akakata, kushoto na kulia. Wonto alicheka hadi akakaa chini.

Nimechoka kwa furaha. Nalala.

Desemba 3

Yankuba amekuja asubuhi, kanzu nyeupe, uso umenyooka. Nilidhani anakuja kunishukuru.

"Bibi Tida," akasema, "nimekuja tupange siku ya kumchukua mke wetu."

"Mke gani?"

"Jainaba. Ameombwa, ametolewa na baba yake, mahari yametajwa, kijiji kizima kimeshuhudia na kola zimeliwa. Kimekosekana nini hapo?"

Nikamwambia ule ulikuwa mchezo. Akasema ndoa haina mchezo, nimuulize mtu yeyote aliyesoma. Akasema wageni wakiondoka tarehe kumi na nne, siku inayofuata wanawake wa kwake watakuja kumbeba. Na chuo? "Mke wa kwetu hakai bwenini," akasema, akaondoka polepole kama mtu aliyelipwa.

Kosa letu naliona sasa. Sisi hatujui kuigiza. Wenzetu wakiigiza mtu anajifanya asichokuwa. Sisi jana baba alikaa mahali pa baba, mwombaji akaomba, mashahidi wakashuhudia, hata mimi shangazi nikalia. Kila mtu alifanya kazi yake. Tungeiharibu kidogo tu! Tungempa Wonto awe baba!

Je, Yankuba alipanga tangu mwanzo? Wallahi naamini alipanga. Nani anatafuta kola nyeupe kwa ajili ya mchezo?

Nimemwita Ansumana. Amekaa mlangoni anachora chini kwa kidole. "Dada, nilisema tu nilichoambiwa niseme." Nilitaka kumpiga na mwiko. Alipougua, Yankuba ndiye aliyemlimia karanga misimu miwili, na tangu hapo mbele ya Yankuba hana sauti. Nimemwambia alie akimaliza aende kwake, mimi nina kazi.

Jainaba amekoka moto, amepika, amekula.

Desemba 4

Imamu Touray amerudi. Nilimfuata kabla hajashusha mzigo. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Tida, kuna mambo matatu ambayo ukweli wake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Kuoa, kuacha na kurejea. Ningekuwepo ningewazuia. Sasa walii ametamka na mume amekubali. Ndoa ipo."

"Hata kama mtoto hakutaka?"

"Baba yake alitamka," akasema, na nilimwona haikumpendeza kusema hivyo.

Nilirudi nyumbani. Lakini nikala kiapo njiani. Jainaba ataingia chuoni Januari hata kama nitambeba mgongoni.

Desemba 5

Upepo wa jangwani umeanza. Midomo inapasuka, macho yanawasha. Tumekata sehemu ya chini ya bonde yote.

Desemba 6

Nilikwenda mjini kwa kadhi. Gari, kivuko, gari jingine. Karani ni kijana mpole, akaandika kila kitu, akaniuliza mara mbili kama kweli wageni walikata soksi. Kesi itasikilizwa Februari. Februari! Nikamwambia binti ataletwa mahakamani na ujauzito. Akasema, "Mama, wewe si wa kwanza," akanionyesha benchi. Nilihesabu vichwa vichache nikaacha.

Nimerudi na vumbi masikioni. Februari haitufai.

Desemba 7

Bodil amejua. Nani amemwambia? Wonto bila shaka, kwa mikono na miguu. Alikuja mbio hadi shambani, amekuwa mwekundu kuliko kawaida. "Mimi! Barua yangu! Nimemwoza mtoto wa watu kwa barua!" Anataka kupiga simu ubalozini, anataka kuwaita watu wa haki za binadamu, anataka kumnunua ng'ombe mwekundu. Jainaba alikuwa akitafsiri yote hayo kwa sauti kavu, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Nikamwambia, mwambie akae chini anywe maji. Akija mtu wa ubalozi hapa Yankuba atakuwa shujaa, wanaume wote watasimama nyuma yake hata wale wasiompenda.

Bodil akanywa maji. Akasema, "Basi niambie nifanye nini." Nikampa kisu, tukaendelea kukata.

Desemba 8

Nimemfuata Dembo kwenye mashine. Nilikwenda nikiwa nimejaa hasira. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Wewe bwana harusi, zima hilo dude." Akazima.

Nikamuuliza kama anajua alichofanya. Akasema anajua. Nikamuuliza kama alijua siku ile. Akaapa kwamba hakujua, kwamba alidhani kazi yake ni kuvaa suti. Basi mwache, nikamwambia, tamka leo tumalize. Akatazama chini. Baba yake mdogo amemlea. Amemwambia akitamka talaka atoe nguo zake nyumbani siku hiyo hiyo, na mashine ni ya mzee.

"Kwa hiyo mashine ni bora kuliko mtoto wa watu."

"Sijasema hivyo, Shangazi."

"Usiniite shangazi. Mimi si shangazi yako, na inshallah sitakuwa."

Kijana laini kama uji wa mgonjwa. Nilimtemea maneno mengine ambayo siyaandiki. Aliwasha mashine tena nilipofika barabarani.

Usiku huu nimemuuliza Jainaba kama ana kinyongo nami kwa kunyoosha ule mkono. Akasema hapana. Kisha, "Shangazi, Dembo simchukii. Kuna watu wabaya zaidi. Nikiulizwa nikishamaliza chuo, sijui nitajibu nini, pengine nitasema ndiyo, pengine nitacheka. Lakini hakuna aliyeniuliza. Mmeniuliza kama najua Kiingereza." Akageukia ukutani. Nami nililala macho wazi.

Desemba 9

Nilikuwa nimeinama kwenye mpunga, kisu mkononi, Wonto ananichokoza kutoka mstari wa pili kwamba siku hizi nakata kama mjane. Nilikuwa nayarudia maneno ya imamu kichwani, kwa uchungu tu, kama mtu anavyobonyeza jino linalouma. Kuoa, kuacha na kurejea.

Kuacha!

Nilinyooka ghafla hadi kiuno kikalia. Wonto akadhani nimeumwa na nyoka. Nikamwambia afunge mdomo anifuate.

Tulimkuta imamu anatawadha. Nikamuuliza, "Imamu, na mtu akimwacha mkewe kwa mzaha?"

Alibaki na maji mkononi hadi yakaisha yote. "Ameacha," akasema.

"Hata kwenye mchezo wa kuwaonyesha wageni?"

"Tida."

"Nauliza tu."

"Kama hajamgusa, hakuna eda wala hakuna kurejea. Anayemtaka tena anaanza upya na posa." Akachota maji mengine. "Na mimi leo hukunikuta. Ila mchezo kama huo ukiwepo, niwekeeni kiti cha mbele. Masikio yangu si kama zamani."

Desemba 10

Vumbi tupu. Hatukuona ng'ambo ya mto kutwa.

Desemba 11

Bodil amekwenda kwa Yankuba na zawadi ya kahawa. Nilimfundisha maneno na yeye akayasema vizuri. Mmetuonyesha jinsi mnavyooana, akamwambia, tumejifunza mengi. Kabla hatujaondoka tungependa kuona jinsi mume na mke wanavyogombana, na jinsi wazee wanavyowapatanisha, maana kwetu siku hizi hakuna mzee anayesikilizwa.

Hilo la mwisho ndilo lililomshika. Wonto alikuwa akipita na ndoo, akasimama kumsikiliza. Anasema Yankuba alinyooka mgongo hapo hapo. Wapatanishwe na nani? Na yeye mwenyewe bila shaka! Amepanga mchezo wote kabla kahawa haijapoa. Dembo na Jainaba watagombana, Dembo atafika ukingoni kutamka talaka, na hapo Mzee Yankuba ataingia na fimbo yake, ataweka mkono begani, atazungumza, wote watalia. Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Amesema itakuwa funzo kwa vijana, na kwa mke wao pia.

Kwa hiyo mchezo upo. Anayebaki ni Dembo.

Desemba 12

Sikwenda na ukali leo. Nilingoja mashine inyamaze.

Nikamweleza yote. Kwamba kesho kuna nafasi kabla ya mzee kuingia, fupi kama kupiga chafya. Kwamba akitamka, basi. Hakunikatiza. Pumba zilikuwa zimemkaa kwenye nyusi kama mzee wa miaka sabini.

"Atanifukuza," akasema.

"Atakufukuza."

"Na mashine."

"Na mashine. Sina cha kukupa badala yake, sitakudanganya."

Akafuta mikono kwenye suruali muda mrefu. Kisha akauliza, "Jainaba mwenyewe anasemaje?"

Yankuba hakuuliza hilo. Ansumana hakuuliza, na ni baba yake. Imamu hakuuliza. Mimi nilimuuliza juzi tu, tena nikitaka nisamehewe. Nikamwambia, "Anasema hakuulizwa."

"Basi mwambie—" akaanza, akaacha. "Hapana. Usimwambie kitu."

Hakuniambia atafanya au hatafanya. Nimeondoka sijui.

Desemba 13

Nitaandika yote leo.

Bantaba ilijaa hadi watoto wakakaa juu ya ukuta. Wageni walikaa kwenye mikeka, Aksel na kile kitenge alichopewa na Wonto, anakataa kukivua tangu siku ile. Imamu Touray mbele kabisa, kwenye kiti. Ansumana nilimkalisha karibu yangu na nikamshika kanzu asije akakimbia. Yankuba alikuwa amejificha nyuma ya ua wa makuti na fimbo yake, anangoja zamu.

Jainaba akatoka kwanza na sufuria. Akajifanya anapika. Dembo akaingia, amechoka, amevaa zile soksi zilizokatwa, vidole vyote kumi nje. Watu wakaanguka kwa kicheko kabla hajasema neno.

"Mke wangu," akasema, "nimerudi. Umenishonea soksi?"

"Sijakushonea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu waliozikata wana sindano kwao."

Bodil akatafsiriwa, akapiga makofi. Dembo akasema mke gani hashoni soksi za mumewe. Jainaba akamjibu mume gani anavaa soksi kwenye joto hili. Akamwambia aende kwa mashine yake, ndiyo inayomngurumia usiku kucha bila kuchoka. Hayo hatukuyapanga, aliyatoa mwenyewe. Hata mimi nilicheka.

Kisha kicheko kikapungua, maana Dembo alikuwa amenyamaza. Alisimama anamwangalia. Hakuigiza tena, hata mtoto angeona. Jainaba naye akaweka sufuria chini.

Nikaona ncha ya fimbo ya Yankuba ikitokeza kwenye ua. Nikasema moyoni, sema, mwanangu, sema. Ndiyo, nilimwita mwanangu.

"Jainaba binti Ansumana," akasema Dembo, wala hakupaza sauti, "nimekuacha."

Yankuba alikuwa ameshatoka, mkono juu, mdomo wazi kwa hotuba yake. Akaganda.

"Bado!" akasema. "Wewe kijana, bado! Unatakiwa ungoje niingie!"

"Nimeshasema, Baba."

"Basi rudia upya! Si ni mchezo tu?"

Hapo imamu akasimama. Aliinuka kwa taabu, akajishikilia kwa bega la Aksel, na bantaba nzima ikatulia. "Yankuba," akasema kwa upole, "ulichotuambia kuhusu ile ya kwanza ndicho tunachokuambia kuhusu hii. Binti ameachika. Hajaguswa, hana eda. Mali yenu mliyoahidi, nusu yake ni haki yake."

"Nusu ya ng'ombe!" Wonto akapiga kelele. "Jainaba, chukua nyuma, ndiko kuna nyama!"

Kijiji kilipasuka. Watu walicheka hadi vumbi likanyanyuka. Jainaba akasema mbele ya wote kwamba nusu yake ameisamehe, ng'ombe abaki mzima. Yankuba alinitazama. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Aligeuka akaenda zake, fimbo haigusi chini. Anatembea kama mtu aliyezeeka tangu asubuhi, na nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana, nikaimeza.

Na Ansumana? Alikuwa analia, mjinga wangu yule. Alisimama, akamwendea binti yake mbele ya watu wote, akasema, "Nisamehe. Sikukuuliza." Yeye ambaye mbele ya Yankuba hana sauti! Kila mtu alimsikia.

Dembo nilimtafuta nimshukuru. Alikuwa ameshaondoka. Nguo zake zilikuwa tayari barabarani.

Desemba 14

Wageni wameondoka. Bodil amenikumbatia hadi mbavu zikalia, amesema mwaka ujao hataomba kuona chochote, atakata mpunga tu. Aksel amepanda gari na kitenge.

Desemba 16

Dembo analala kwa imamu. Yankuba amemweka kijana mwingine kwenye mashine, na leo mchele wa kila mtu umetoka na pumba nusu kwa nusu. Wanawake wamekwenda kumwambia. Mimi sikwenda, maana ningecheka.

Desemba 22

Kichwa kinauma kwa upepo. Sehemu ya juu ya bonde bado.

Desemba 29

Nimekutana na Yankuba njiani. Nikamsalimu, akaitika. Akauliza habari za mavuno. Nikamwambia tunashukuru. Ni hayo tu, lakini ni yeye aliyeuliza.

Januari 4

Jainaba ameondoka leo kwa gari la alfajiri. Ansumana amebeba sanduku lake kichwani hadi kituoni, hakutaka mtu amsaidie. Mimi nilimwambia maneno yote niliyopanga, asome, ale, asikope nguo za wenzake, na yeye akaitikia kila neno, "Ndiyo, Shangazi." Gari lilipoondoka ndipo nikakumbuka sikumwambia kwamba najivunia. Nimeandika hapa. Nitamwandikia na kule.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Januari 9

Siku ya mwisho ya mpunga. Miganda imebaki bondeni, njia ni ya matope hadi magotini, na wabebaji wetu nusu yao wana homa. Tulikuwa tumekaa tunajisikitikia nilipomwona Dembo anashuka bondeni na vijana wanne, suruali wamezikunja.

Wonto akaanza mara moja. "Lo! Bwana mwenye soksi! Umekuja kutafuta mke mwingine wa mchezo?"

Vijana wakacheka. Dembo hakucheka. Alikuja hadi mbele yangu, akasalimu kwa heshima, akauliza miganda ya nyumba yetu ni ipi.

Nikamwambia, "Dembo, kazi hii hufanywa na mchumba wa binti. Wewe si mchumba wa mtu. Hatukudai kitu."

"Najua, Mama Tida. Wala sijaleta kola." Alikuwa anatazama matope. "Nimemwandikia. Nimemuuliza kama ninaweza kumuuliza, siku atakapokuwa tayari. Nimemwambia hata akisema hapana, mpunga nitabeba."

"Ni miaka mitatu kule."

"Ameniambia imamu."

"Na amekujibu?"

"Bado."

Nilimtazama. Hana mashine, hana chumba, miguu imechanika kwa nyasi kali za bondeni. Mimi niliyemwita uji wa mgonjwa. Nikamwonyesha miganda yetu kwa kidole. Ni ile mizito, ya upande wa maji.

Akainama, akajitwika wa kwanza. Wonto safari hii alinyamaza. Dembo alikwenda na kurudi hadi jua likazama, na kila akirudi nilimwekea mganda mwingine kichwani mimi mwenyewe, na nikamwambia ashike vizuri.